Begi la kujinasua kwa safari ya kwanza nje ya lami: kipi kibaki, kipi kitoke

Anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya mchangani, topeni au kwenye mawe hakawii kukutana na bidhaa hii: begi la turubai lenye zipu nene, ndani vipande kumi hadi kumi na vitano, na maelezo ya kumwaminisha kwamba akishalitupa nyuma ya gari kazi imekwisha. Majina ya watengenezaji ni mengi, rangi ni nyingi, ila yaliyomo hayapishani sana: mkanda mrefu wa kuvutia, mkanda mfupi wa kuzungushia mti, shakeli mbili (pete zenye pini za kuunganishia mkanda na gari), kapi la winchi (winchi ni mashine ya kujivutia kwa kamba, hufungwa kwenye gari), glovu, blanketi la kutupia juu ya mkanda, beleshi la kukunja, kompresa ndogo, geji ya upepo na kifuko cha kuzibia pancha. Mengine huongezewa vibao viwili vya kujinasulia, vya kuweka chini ya tairi.

Tuseme mapema: begi hili linajua kuvuta, halijui upepo. Uzito wake karibu wote ni mikanda na vyuma vya kumtoa mtu aliyekwisha kukwama. Vifaa vya matairi, ambavyo ndivyo vingemwepusha na kukwama, ni vichache na ndivyo dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo tunaanza na hivyo, ingawa muuzaji huviweka mwisho wa orodha.

Upepo kwanza

Gari la 4x4 la tani mbili na ushee hutembea kwenye lami kwa psi 32 hadi 38 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Liingize mchanga laini kwa upepo huo na matairi yatachimba mashimo manne kabla hujabadilisha gia. Shusha hadi 18 na tairi linalala. Wengi hudhani linapanuka. Upana huongezeka kidogo tu, kinachorefuka ni ule unyayo wake kutoka mbele kwenda nyuma. Uzito ule ule unakalia eneo kubwa zaidi na gari linapita juu ya mchanga badala ya kujizika.

Viwango vya kuanzia kwa gari la uzito huo, lenye matairi ya ubavu mrefu: changarawe na barabara ya matuta madogo madogo, 26 hadi 28. Mawe, 20 hadi 22, ili tairi lifinyangike kwenye jiwe badala ya kulidunda. Tope, 20 hadi 22 vilevile, na hapo usitegemee muujiza kama matairi yako ni ya lami. Mchanga, 18, ukiwa laini sana, 15. Chini ya 12 au 13 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa nguvu, na kulirudisha porini ni kazi ya nusu siku. Gari jepesi laweza kwenda chini kidogo ya viwango hivyo vya kuanzia, pikapu iliyojaa mzigo ibaki juu kidogo. Ukiwa kwenye 18 usizidi kilomita 40 kwa saa, na usirudi lami hivyo hivyo: ubavu unaojikunja na kujikunjua kila mzunguko unachemka kwa ndani, na joto hilo hulipasua tairi baadaye, pengine siku nyingine kabisa ambapo dereva ameshasahau alichokifanya.

Sasa, begi linatoa nini kwa kazi hiyo? Geji ya kalamu, ile ya kijiti kinachochomoza. Kijiti hicho husoma tofauti kila kikishikwa tofauti, na mchanga ukiingia hakirudi. Weka pembeni. Nunua geji ya mshale yenye kipimo cha 0 hadi 60, si 0 hadi 160. Kipimo kirefu hubana namba unazozihitaji kwenye kona ya chini ya sahani, mahali ambapo geji nyingi hazisemi kweli. Kwenye kipimo kifupi psi 18 na 36 zote ziko sehemu inayosomeka vizuri. Ipime mara moja dhidi ya geji nyingine. Zikitofautiana psi moja, endelea. Zikitofautiana nne, mojawapo itupwe.

Kutoa upepo kwa kubonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo kunawezekana, lakini matairi manne yatakula dakika 15 hadi 20, na mtu aliyechoka huishia kwenye 25 akasema inatosha. Kitoleo kizuri ni kile kinachofungua na kukamata sindano ya ndani ya valvu, kikaacha upepo utoke kwa tundu zima, na kina geji yake juu. Tairi moja huchukua chini ya dakika. Hatari yake ni moja na ni ya kijinga: sindano ikichomoka mkononi ikaangukia mchangani, tairi linabaki bila kizuizi. Weka sindano tano za akiba na kile kifunguo chake kidogo kwenye kifuko kisichobebeshwa kitu kingine. Vitoleo vidogo vya kufunga juu ya valvu na kujifunga vyenyewe vikifika psi uliyoipanga ni raha, alimradi uvipange nyumbani kwa kutumia geji utakayosafiri nayo.

Kisha kompresa, na hapa ndipo begi linapoangusha mnunuzi. Kiboksi kimeandikwa lita 35 kwa dakika, au 70, au namba yoyote inayopendeza. Kwanza, namba hiyo hupimwa mdomo ukiwa wazi, bila tairi. Kadiri msukumo unavyopanda ndivyo inavyoporomoka, na kwenye psi 30 kompresa ndogo inaweza kubakiwa na chini ya nusu ya kilichoandikwa. Pili, tazama inavyopata umeme. Soketi ya kiberiti cha gari kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Kwa volti 12, ampea 15 ni wati 180, basi. Kompresa inayojaza tairi kubwa kwa muda wa maana hula ampea 25 hadi 45. Kwa hiyo kifaa kinachochomekwa kwenye kiberiti na kudai kasi kubwa ama kinaeleza habari isiyokuwapo ama kitakata fyuzi kwenye tairi la pili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la ukubwa wa 265/65R17 lina nafasi ya lita zipatazo 70 hadi 75. Kulipandisha kutoka psi 18 hadi 36 kunahitaji kama lita 90 za hewa ya kawaida. Kompresa inayotoa lita 30 za kweli kwa dakika ikiwa kazini itamaliza tairi kwa dakika tatu na matairi manne kwa robo saa pamoja na kuhamahama. Ya begi, inayotoa lita 10 ikiwa na bahati, itahitaji dakika tisa kwa tairi, na kabla haijamaliza la pili kizuia-joto kitaizima. Tazama kwenye kijitabu muda wa kazi na muda wa kupumzika: ikiandikwa kazi asilimia 30, maana yake kila dakika kumi za kufanya kazi inadai zaidi ya ishirini za kupoa. Hapo dereva mgeni, jua likizama, huamua kuendesha hadi nyumbani kwa psi 22, na ndiyo ule ubavu tuliousema hapo juu.

Ushauri wetu: chukua kompresa yenye vibanio vya kushika betri moja kwa moja, fyuzi yake mwenyewe kwenye waya, silinda ya chuma yenye mapezi ya kupozea, na mpira mrefu wa kufika gurudumu la nyuma la mbali bila kusogeza gari. Washa injini kwanza. Kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye chuma kitupu cha injini au hasi ya betri. Iweke kompresa juu ya zulia la mlangoni, si mchangani, maana inavuta hewa kutoka pale pale ilipo na kichujio chake ni kipande cha sponji tu. Na kile kiungio cha kubana kwa kidole juu ya valvu kiangalie: cha plastiki hulegea kikishapata moto. Cha kuzungusha cha shaba ni cha polepole lakini hakichomoki.

Mkanda mrefu

Hapa begi hufanya vizuri zaidi, ukisoma lebo. Mkanda wa kunasulia ni wa nailoni, kwa kawaida mita 9, upana wa sentimita 6 hadi 7.5, na unavutika hadi takriban sehemu moja ya tano ya urefu wake. Mvutiko huo ndio kazi yenyewe. Gari la kuvuta linaondoka, mkanda unarefuka na kuhifadhi nguvu, kisha unajikusanya na kumchomoa aliyekwama kama mtu anayenyanyuliwa kitini na si kama anayepigwa kofi. Kamba za mviringo za nailoni iliyosukwa huvutika zaidi, kama theluthi, na hukaa muda mrefu. Ni ghali zaidi na kwa safari ya kwanza si lazima.

Lebo lazima itaje nguvu ya kukatika. Kanuni ambayo hata lebo za lazima za Australia huiandika ni mara mbili hadi tatu ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, na yakiwa mawili huhesabiwa lile jepesi. Gari la tani 3 likijaa: tani 6 hadi 9, kwa hiyo mkanda wa tani 8 unafaa. Wengi hununua wa tani 15 kwa kudhani ukubwa ni usalama. Mkanda wa namna hiyo nyuma ya kigari cha tani moja na nusu haunyumbuki vya kutosha, ni karibu kama umefunga mnyororo, na kinachonyumbuka badala yake ni chesisi.

Sasa kosa la begi ambalo halisameheki. Mkanda wa mti ni wa poliesta, mita 3 hivi, na haukukusudiwa kuvutika hata kidogo. Watengenezaji wengi huushona kwa rangi ile ile, upana ule ule, na kitambaa kile kile cha kuimarisha vitanzi kama mkanda mrefu. Ukishikwa mkononi usiku, ukiwa umekunjwa, tofauti huioni. Mtu akiufunga kati ya magari mawili na kuondoka kwa kasi, nguvu yote inafika kwa mpigo mmoja. Chukua kalamu ya wino mzito siku begi linapofika na uandike kwenye kila kitanzi: VUTA kwa ule wa nailoni, MTI kwa ule wa poliesta. Kama begi limekuja na kamba ya tatu nyembamba yenye ndoano za chuma kila mwisho, hiyo ni ya kukokotea gari lililozimika kwenye lami. Itoe kabisa. Ndoano ikichomoka kwenye gari lililonasa inaruka kama risasi.

Namna ya kuvuta, kwa kuwa kikaratasi cha begi huishia kwenye picha mbili. Kwanza shusha upepo wa aliyekwama na chimba mbele ya kila tairi na chini ya tumbo la gari. Mara nyingi linatoka lenyewe hapo na mkanda unarudi begini. Likikataa, yapange magari kwenye mstari mmoja, yasikatane pembe. Funga mkanda, uache ulegevu wa mita 2 hadi 3 umelala chini kama herufi S. Tupia blanketi katikati. Watu wote wasimame pembeni, mbali mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, yaani kama mita 14 kwa mkanda wa mita 9, na asiwepo mtu kwenye mstari wa mkanda, mbele wala nyuma. Anayevuta aweke 4L (magurudumu yote manne, gia nzito za mwendo wa chini), aondoke polepole kama kilomita 5 kwa saa. Aliyekwama naye awe kwenye gia, magurudumu yakizunguka taratibu. Jaribio la pili liongezwe hadi kilomita 10 hivi. Yakishindikana mawili, rudi kwenye beleshi. Jaribio la tatu la hasira ndilo linalovunja vitu. Nailoni pia inahitaji muda wa kujirudi baada ya kila mvuto mzito, na ikilowa maji nguvu na mnyumbuko wake hupungua.

Mkanda mmoja ukiwa mfupi, usiunganishe miwili kwa shakeli. Mmoja ukikatika, shakeli inakuwa kombora. Pitisha kitanzi kimoja ndani ya kingine kisha mkanda wote ndani ya kitanzi chake, na weka gazeti lililoviringishwa kwenye fundo ili baadaye lifunguke.

Shakeli, na mahali pa kuzifunga

Shakeli ya chuma inayofaa ina mwili wa milimita 19 na imechorwa, si kupakwa rangi, kikomo chake cha kazi: tani 4.75. Isiyo na maandishi, hata iwe inang'aa namna gani, ni pambo la ukutani. Pini ikazwe hadi mwisho kisha irudishwe robo mzunguko, la sivyo baada ya mvuto mmoja mzito hutaifungua kwa mkono. Mabegi mengi siku hizi huleta shakeli laini za kamba ya Dyneema, uzi wa plastiki wenye nguvu sana. Ni nyepesi, zinaelea majini, na zikikatika haziui. Adui yake ni ukingo mkali: tundu lililokatwa kwenye bamba la chuma bila kulainishwa huzikata uzi mmoja mmoja. Pitisha kidole ndani ya tundu la gari lako. Kikikwaruzika, tumia ya chuma hapo.

Na hili la tundu la gari ndilo ambalo begi haliwezi kukuuzia. Magari mengi hutoka kiwandani na vitanzi vyembamba chini ya bampa, vya kulifungia gari lisiyumbe melini. Si vya kunasulia. Cha kunasulia kimefungwa kwenye chesisi kwa bolti mbili au zaidi, ni kinene, na kitabu cha gari au mtengenezaji wake anakitaja kwa kazi hiyo. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela kisiguswe kabisa. Kimeshakatika na kupita kwenye vioo, na watu wamekufa. Hakuna jambo kwenye ukurasa huu tunalolisisitiza kuliko hilo. Gari lenye tundu la mraba la kuchomekea tela nyuma ni rahisi: kuna kipande cha chuma cha kuchomeka humo chenye nafasi ya shakeli, na ni nyongeza nzuri kuliko nusu ya begi. Mbele ndiko kwenye tabu, hasa kwa magari ya mjini yaliyopewa sura ya porini. Lala chini ya gari kabla ya kununua chochote. Usipokuta pa kufunga mbele, mkanda wa tani 8 hauna kazi.

Yaliyobaki, kwa haraka zaidi

Kapi la winchi: kama huna winchi, ni kilo kadhaa za uzito bure. Mkanda wa mti nao hauna kazi kubwa bila winchi. Kwa gari lisilo na winchi, yaani karibu kila gari la safari ya kwanza, sehemu kubwa ya begi ilikuwa ya gari la mtu mwingine.

Beleshi la kukunja tulilitarajia liwe la hovyo, na ndivyo lilivyo. Kiungo chake hulegea kwenye udongo mgumu, lakini shida kubwa zaidi ni urefu. Mchanga unaolishika gari uko chini ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, katikati, na mkono wa sentimita 60 haufiki huko bila wewe kulala kifudifudi. Beleshi la bustani lenye mpini mrefu na ncha ya mviringo linashinda.

Vibao vya kujinasulia, kama vipo, vipe alama nzuri kwa masharti. MAXTRAX ya Australia ndiyo iliyovifanya vijulikane, na vya begi ni nakala za plastiki laini zaidi. Tofauti huioni mpaka tairi lizunguke bila kushika: joto la msuguano huyayusha meno yake kwa sekunde chache na kibao kinabaki laini kama sahani. Kwa hiyo vya begi vinafaa kwa mwenye mguu mwepesi. Chimba mpaka ncha ya kibao iingie chini ya tairi na kibao kilale kwa mteremko mdogo, magurudumu yawe yamenyooka, 4L, gia ya pili, mafuta kidogo kidogo kama unayetoka gereji. Likishapanda usisimame kuviokota. Nenda hadi udongo mgumu. Funga kila kibao kamba ya rangi kali, mita moja na nusu, maana gari likipita juu yake hukizika na watu hupoteza saa nzima wakikitafuta kwa miguu. Wasaidizi wasisimame nyuma ya gari, kibao hurushwa.

Kifuko cha pancha kina vijiti vitano vya kunata vya kuzibia tundu. Mwiba mmoja mkubwa hula viwili. Ongeza hadi ishirini, na badilisha zana zake zenye vishikio vya plastiki kwa zile za chuma zenye umbo la T, kwani kutoboa tairi nene la 4x4 kunahitaji uzito wa mwili mzima na plastiki hupasukia kiganjani. Tairi likiwa limelegea lijaze kidogo kwanza, maana tairi laini hukwepa msukumo. Chomoa msumari kwa koleo, ukumbuke uliingia kwa pembe gani. Ingiza tupa ya mviringo kwa pembe hiyo hiyo, ivute na kuisukuma mara tano au sita. Pachika kijiti kwenye sindano, sukuma mpaka vibaki vikia vya sentimita moja hivi nje, kisha chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Paka maji ya sabuni uone mapovu. Hii ni kwa uso wa tairi tu. Ubavu ukichanika, kijiti kitakufikisha kwenye barabara kwa mwendo wa konokono ukiwa na bahati, na tairi hilo limekwisha.

Jeki ndefu ya kupanda kwa meno, ile ijulikanayo kwa jina la Hi-Lift, iliyoanza Marekani mwaka 1905, haimo kwenye mabegi mengi lakini muuzaji hupenda kuipendekeza pembeni. Kwa mgeni, hapana. Mpini wake ukiponyoka hurudi juu kwa nguvu ya kuvunja taya, na bampa za plastiki za siku hizi hazina pa kuishikiza. Jeki ya gari inatosha ukiipa ubao wa plaiwudi wa sentimita 40 kwa 40, unene wa milimita 18 au zaidi, isizame. Ubao huo hakuna begi tuliloona likiuweka, na ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye orodha hii.

Glovu: nzuri. Blanketi: zuri, na mifuko yake ijazwe mchanga au nguo, kwani likiwa tupu ni jepesi mno kuushusha mkanda uliokatika.

Ukihesabu, basi, kwenye begi vinabaki mkanda wa nailoni, shakeli zenye maandishi, blanketi, glovu na vibao. Ukivinunua kimoja kimoja na fedha ya ziada kuipeleka kwenye kompresa na geji, utapata seti bora kwa gharama isiyo mbali na ya begi. Begi lina maana kwa anayepata punguzo kubwa, au ambaye tayari ana kompresa nzuri na winchi. Tunalipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya zipu.

Kabla ya kutoka

Fanya zoezi hili kwenye uwanja wowote tambarare, siku kadhaa mapema, ili kuwe na muda wa kurudisha kilichoharibika. Shusha matairi yote manne kutoka 36 hadi 18 huku saa ikihesabu. Endesha taratibu mita mia kadhaa, weka 4H (magurudumu manne, gia za kawaida) kisha 4L na uone taa zake zinawaka na kuzima. Kwa gari lisilo na difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo, zoezi hili lifanywe kwenye udongo, si lami, la sivyo mitambo hujikaza. Kisha jaza yote kurudi 36 bila kupumzika zaidi ya kijitabu kinavyotaka. Ikizidi nusu saa, au kompresa ikizima, umeshajua. Toa spea tairi chini ya gari kwa zana zile zile utakazosafiri nazo: nati zilizokazwa kwa mashine ya gereji mara nyingi hazifunguki kwa wili spana fupi ya kiwandani, na mnyororo unaoishikilia spea hushika kutu pasipo mtu kujua. Pima upepo wa spea yenyewe. Kama nati moja ya kila gurudumu ni ya kufuli, hakikisha kifunguo chake kiko ndani ya gari na si kwenye droo ya nyumbani.

Ukimaliza safari, mkanda uoshwe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni kali na uanikwe kivulini. Jua la miezi mingi hula nailoni, na chembe za mchanga zilizobaki ndani ya nyuzi huzikata kila unapovutika. Vikunjue vitanzi na utazame mshono wake kwa kidole. Nyuzi mbili tatu zilizochomoza si kitu, ukiona mchaniko kwenye ukingo wa mkanda, hata wa nusu sentimita, ukate vipande uvitumie kufungia mizigo.